Komeo la Nje

Bi Mwanasha wa Munje alizikwa Jumatano baada ya sala ya alasiri. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa barazani kwake tukila wali wa khitima, na mtu mmoja tuliyekuwa naye sinia moja akaniuliza kama marehemu si ndiye yule mama ambaye mwanawe alifia katika ile nyumba ya walioacha unga wa kulevya. Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa, akasema, "Mapenzi ya Mungu, Maalim." Nikarudisha tonge siniani. Nina miaka sitini na moja, karibu nusu yake nimefundisha Kurani, na sijui neno jingine katika lugha yetu lililofunika uovu mwingi wa binadamu kama hilo, linapotoka katika kinywa kisichotaka kuulizwa zaidi. Upande wa pili wa sinia alikaa Mutinda, Mkamba, Mkristo, mvi zimemjaa, amevua viatu na kukunja miguu kama sisi. Alinitazama, nami nikajua amekumbuka kile kile nilichokikumbuka. Bi Mwanasha alinitaka nisiisimulie habari hii kwa watu akiwa hai. Sasa ametangulia, na mimi sina ruhusa ya kuendelea kunyamaza.

Ulikuwa mwaka wa ile mvua kubwa, iliyokata barabara na kulaza mihogo shambani. Fujo za Likoni zilikuwa zimetokea miezi michache nyuma, watalii wamekimbia, hoteli za Diani zimebaki na walinzi na paka. Vijana waliozoea kupata riziki kule walirudi vijijini na lile walilojifunza kule, na jambo la unga ambalo tulikuwa tukilisikia la Mombasa likawa linalala katika vyumba vya watoto wetu. Haji Omari, tajiri wa mbata, nazi kavu za kukamuliwa mafuta, alisimama msikitini Msambweni akasema anatoa ghala lake liwe nyumba ya vijana waliotubu, wakae pamoja mpaka miili yao izoee kuishi bila sumu ile. Watu walilia. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne, nimerudi kutoka masomoni na elimu mpya kichwani, na Haji akaniteua niwe msimamizi wa dini wa nyumba ile. Nilishukuru. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa mengi, lakini shukrani ile ya siku ile naiona ilikuwa ya mtu aliyefurahia cheo.

Ghala lile lilikuwa na vyumba sita vya kuta nene, kila kimoja na dirisha dogo lenye nondo karibu na dari. Tulipaka chokaa mara mbili, na bado harufu ya mbata ilikuwa inatoka ukutani kila jua lilipowaka. Milango ilikuwa na makomeo ya chuma kwa nje. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu kila mtu alijua: mbata haihitaji kufungua mlango kwa ndani. Tuliyaacha vile vile. Tukaona hata yametufaa, maana mtu aliyeacha unga, siku tatu nne za mwanzo, hushikwa na arosto, mwili unaidai sumu yake, mtu anatapika, anaharisha, anatetemeka, na akipata upenyo hukimbia. Athumani, aliyekuwa mlinzi wa ghala tangu siku za mbata, akabaki kuwa mlinzi wa watu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwakunia nazi na kuwachekesha, akiwaambia kwamba gunia halijawahi kumtukana hata siku moja na wao wamemtukana wiki nzima. Lakini alifunga na kufungua kama alivyozoea.

Kanuni tulikuwa nazo, hazikuandikwa. Sala tano. Asiyefuata amri atolewe siku hiyo hiyo. Na kubwa kuliko zote: la ndani lisitoke nje. Tuliita sitara. Wazazi walikuwa wakileta watoto wao jioni, mama amejitanda mpaka machoni, na mara nyingi jina walilotupa halikuwa jina la kweli. Hatukuandika jina la mtu yeyote. Hospitali ilikuwa karibu, paa lake la bati tuliliona tukisimama uani, lakini hatukumpeleka mtu, kwa sababu pale kungekuwa na jirani au binamu, na jioni Msambweni nzima ingejua mtoto wa nani anaharisha kwa sababu gani. Sitara ni jambo tukufu katika dini yetu. Nimeifundisha na nitaifundisha tena. Ila tuliyokuwa tukiisitiri pale haikuwa aibu ya vijana. Tulikuwa tunasitiri uvivu wetu, na woga wetu, na jina la Haji.

Mutinda alikuwa mpishi wa hoteli kabla ya fujo. Alikuja mwenyewe kwa miguu, akasema amesikia kuna nyumba, yeye si Mwislamu, na kama tatizo ni hilo tumwambie asipoteze wakati. Haji alimkubali, kwa kuwa alipenda ionekane kwamba mlango wake hauchagui. Mutinda alivuka arosto yake akang'ata blanketi mpaka likatoboka, kisha akaomba kazi ya jikoni. Ndiye aliyetufundisha kwamba mtu anayetoka katika unga hutamani sukari, akawa akiwapikia uji mzito wa asubuhi wenye nazi. Ramadhani ilipoingia, mvua bado inanyesha, hakuacha kupika futari ya wenzake, naye chakula chake cha mchana alikuwa akienda kukilia nyuma ya banda, amewapa mgongo wanaofunga. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo.

Bakari aliletwa wiki ya pili ya mwezi mtukufu. Alikuwa dobi, kijana wa miaka ishirini na minne, na hata katika hali ile kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mama yake, Bi Mwanasha, alikuwa amemshika kifundo cha mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Hakujificha uso wala hakutupa jina la uongo. Alimpa Athumani kikapu cha mahamri ya kufuturu, akanigeukia mimi, akasema, "Maalim, huyu ni amana." Bakari akasema amenuia kufunga mwezi wote uliobaki, toba yake ianze hivyo. Nilifurahi. Nilimwambia mama yake kwamba saumu itamsafisha kuliko dawa yoyote. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema kwa wengine pia, na wengine walifunga, wakapona, wakanishukuru, na hilo ndilo lililonidanganya.

Siku ya pili arosto ikamshika. Futari aliitapika, daku akaitapika, na katikati alikuwa akiharisha maji matupu. Siku ya tatu, alasiri, nilipita penye mlango wake nikamsikia akigonga chini, karibu na sakafu. "Maalim," akasema, "nipe maji." Nikamwambia avute subira, magharibi haiko mbali. Akasema, "Basi nisukutue tu." Kusukutua kinywa hakumvunjii mtu saumu, kila mtoto wa madrasa anajua hivyo. Nilimnyima hata hilo, kwa kuwa nilijua atameza. Tulikuwa na msemo katika nyumba ile, sijui nani aliuanzisha, kwamba mtu wa arosto akiomba si yeye anayeomba, ni unga unaomba. Msemo huo ulitufanya viziwi. Mtu akisema anaumwa, ni unga. Akisema anaogopa, ni unga. Nilisimama pale, mvua inapiga bati kiasi cha kutuzuia kusikizana, maji yanatiririka kutoka kila ukingo wa paa, na mimi, niliyehifadhi aya inayompa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, nilimwambia mtu mwenye kiu asubiri.

Mutinda hakusubiri. Alikinga maji ya paa kwa kopo la maziwa, akapanda juu ya kinu, akampitishia Bakari kopo lile katikati ya nondo. Athumani akamwona akishuka. Tukakutana chumba cha mbele, Haji juu ya kiti, sisi mkekani, na Haji akasema kwa upole, maana hakuwahi kupaza sauti, kwamba mgeni amekaribishwa katika nyumba ya Waislamu naye amemharibia Mwislamu saumu yake. Mutinda hakujitetea juu ya dini. Alisema, "Haji, huyo jamaa anakauka. Nimewahi kuona kuku akifa na homa, macho yanaingia ndani hivyo hivyo. Ingieni mmuangalie tu." Athumani akacheka kwa sababu ya kuku, na mimi nilitabasamu. Haji akanigeukia. "Maalim, wewe ndiye msomi. Unasemaje?"

Hapo ndipo mwaka ule uliposimama, na hapo ndipo nilipo mpaka leo nikifumba macho. Jibu nilikuwa nalo. Ilikuwa sentensi moja tu: mgonjwa huyu hana saumu, mpeni maji. Lakini nilikuwa nimemwambia mama yake vingine, nilikuwa nimewaambia watu msikitini vingine, na ningesema vile ningekuwa nimekubali kwamba Mkamba wa jikoni ameielewa rehema ya dini yangu kabla yangu. Nikatazama mkeka. Nikasema, "Kanuni ni kanuni, Haji." Mutinda akakunja nguo zake mbili, akatoka katika mvua ile bila kukabidhiwa kwa mtu, siku arobaini na kitu tangu aache unga. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, Athumani alikuja kuniita akiwa hana utani wowote. Bakari alikuwa amelala kifudifudi mlangoni. Mkono mmoja wa kanzu yake, ile kanzu ya mikunjo, ulikuwa umelowa chapa mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu alikuwa ameupitisha chini ya mlango, kulikotuama maji ya mvua. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka hospitali, na safari yote haikuchukua hata muda wa kumaliza sura ya Yasini. Walimpokea mbio. Muuguzi aliuliza tangu lini hajanywa kitu kikakaa tumboni, na sisi wanaume wenye kofia safi tukatazamana. Alikufa adhana ya magharibi ikiwa inasomwa, saa ile ile niliyokuwa nimemwambia aisubiri.

Haji alisema tumsitiri marehemu. Tukasema homa. Mimi ndiye niliyekwenda Munje, mimi ndiye niliyetamka mbele ya mama yake kwamba ni mapenzi ya Mungu, naye akaitikia, "Alhamdulillahi," bila machozi, akaniuliza kama nimefuturu. Mungu alikuwa amempa Bakari ruhusa ya kunywa. Sisi ndio tuliomnyima, kisha tukamtwika Mungu maiti. Hasira yangu ya kwanza katika maisha, hasira ya kweli, ilianza njiani nikirudi siku ile, tumbo limejaa futari ya mfiwa, na haijanitoka. Wapo wanaoniambia mtu mzima wa dini asiwe na hasira. Nimeusoma mlango wote wa subira na sijaona mahali iliposemwa kwamba mtu awe na subira juu ya kiu ya mwenzake.

Nyumba iliendelea. Makomeo yaliendelea. Mvua ilipokatika nilikwenda Ukunda kununua vitabu vya madrasa, nikamwona Mutinda nyuma ya soko, amekaa juu ya kreti ya soda, mifupa ya mashavu imetoka. Alikuwa amerudia unga siku ile ile tuliyomtoa. Nilijiandaa kutukanwa. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ulimwambia mamake?" Nikamwambia la. Akasema, "Basi mimi na wewe wote bado tunakula unga." Nilimchukua nikaenda naye kwangu, mke wangu akamtandikia barazani, na maji tukamwekea mtungi mzima. Siku ya tano, alipoweza kusimama, nilikwenda Munje.

Bi Mwanasha alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kigoda. Nilimweleza yote, tangu msemo wetu mpaka ule mkono wa kanzu. Hakuacha kukuna. Nilipomaliza aliikung'uta nazi ile, akachukua nazi nyingine, akasema, "Kwa hivyo aliwaombeni maji."

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

Nikamwambia kwangu mara mbili, kwa wengine sijui. Akakuna kidogo. "Kwangu mimi alikuwa akiomba mara moja," akasema. Kisha akainuka, akanawa, akajitanda buibui lake na kuniambia nimpeleke akauone mlango.

Alipofika pale hakumsalimu mtu. Aliingia chumba alichokuwa Bakari, ambacho kwa bahati hakikuwa na mtu, akaketi sakafuni, akamwambia Athumani afunge. Athumani alinitazama mimi. Bi Mwanasha akasema, "Funga, baba, kama unavyowafunga wana wa wenzangu." Athumani akafunga. Vijana wote wakatoka uani wakasimama. Haji akaitwa, akaja amevaa joho, akauliza kwa upole wake nini maana ya haya, mwanamke mtu mzima kufungiwa katika nyumba ya wanaume, watu watasemaje. Sauti ikatoka chini ya mlango: "Haji Omari, nipe maji." Haji akaamuru mlango ufunguliwe. Athumani akaufungua, na Bi Mwanasha hakutoka. Akasema atatoka komeo likishatoka, na yeye hana haraka, mwenye kumngoja amekwisha kufa. Haji akanigeukia tena kama siku ile. "Maalim, mwambie."

Nikamwambia yeye Haji. Nikasema mbele ya vijana wote kwamba Bakari hakuuawa na homa, ameuawa na kanuni yangu na komeo lako, na kwamba mwezi wowote wa mwaka, mgonjwa akiomba maji ni yeye anayeomba. Sauti yangu ilikuwa kali, sikuitambua. Uso wa Haji ulivimba. Kisha akamwambia Athumani alete bisibisi, akaondoka bila kuaga. Hakunisamehe mpaka kufa kwake, na nyumba hakuifunga, na kwa hilo la pili namuombea kila Ijumaa.

Siku ile ile tukaandika. Mutinda, aliyeitwa kutoka barazani kwangu, alishikilia ubao, mimi niliandika kwa rangi ya mlango, na Bi Mwanasha, ambaye hakujua kusoma, alisema maneno na kunitaka nimsomee upya mpaka yawe kama alivyoyasema. Komeo liwe ndani. Maji yawe chumbani. Anayeingia jina lake lijulikane, na la mama yake. Akizidiwa apelekwe hospitali, hata kama anayetibu pale ni shangazi yake. Lile la mwisho lilikuwa la Mutinda: mtu akikosea asitupwe, akabidhiwe kwa mtu mkononi. Niliuliza kama tuandike chini yake sababu. Bi Mwanasha akasema hapana, sababu ni ya kwake, hataki kila mpita njia amuulize. Kwa miaka mingi baada ya hapo alikuwa akija siku za Alhamisi, hakuja kuombewa wala kupewa chai. Alikuwa akisukuma kila mlango kwa bega, akitumbukiza kidole katika kila mtungi, na kurudi Munje. Ramadhani alikuwa akija mara mbili kwa wiki.

Wiki mbili baada ya khitima yake nilialikwa Diani. Imefunguliwa nyumba mpya ya wanaopona, ina ghorofa, ina bustani, na ukumbini wametundika viwango vyao katika fremu ya kioo, vimechapwa vizuri, vinajaza ukuta. Nilivisoma vyote nimesimama. Vilikuwa na mambo mazuri ambayo sisi hatukuyajua. Mutinda, ambaye hajagusa unga tangu ule mtungi wa barazani kwangu, alikuwa nami. Meneja, mtu wa adabu sana, aliniambia wageni wamekwisha kukaa, pilau iko tayari, inangojwa dua yangu tu. Nikasema kwanza nitembee. Nikapanda ngazi taratibu, magoti yangu si ya zamani. Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda kizuri, shuka jeupe, zulia. Hakikuwa na maji. Na mlangoni, kwa nje, limepakwa rangi moja na mbao lisionekane upesi, lilikuwapo komeo.

Nikamuuliza meneja. Akasema, "Ni kwa usalama wao, Sheikh. Siku za mwanzo tu. Wewe unajua walivyo."

Nilitaka kumwambia najua. Nilitaka kumsomea ile fremu yake neno kwa neno na kumuuliza komeo liko wapi humo. Badala yake niliingia, nikavua kofia nikaiweka juu ya mto, nikaketi kitandani na kumwambia Mutinda afunge. Mutinda hakuuliza. Alilisukuma komeo likaingia mahali pake kwa sauti ninayoijua. Nikamsikia meneja akihema, akisema wazee wangu mnanitia aibu, wageni wako chini. Baadaye Mutinda akaukaribia mlango, akaniita, "Mwalimu, niwaambie nini?"

Nikamjibu awaambie dua iko tayari, na mwombaji ana kiu.